Maswali ya Wasomaji: Oili inakwenda wapi kwenye gari la turbo?

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: gari la turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini) linakula oili, fundi amesema turbo imekufa, je, ninunue nyingine? Tumejibu sita. Mtaona tunaanza mbali na turbo yenyewe; sababu zimo humo humo ndani ya majibu.

Passat inamaliza lita moja kabla ya sevisi

*Habari za kazi, mafundi. Nina Volkswagen Passat ya 2010, injini ya 1.8 TSI, kilomita 118,000. Taa ya oili inawaka kila baada ya wiki tatu hivi; nikiongeza lita moja inazimika. Chini ya gari hakudondoki kitu na moshi sioni. Fundi mmoja anasema nibadilishe turbo, mwingine anasema niweke oili nzito, 20W-50. Nimsikilize nani?* – Msomaji, Nakuru

Bado usimsikilize yeyote, ndugu yetu. "Wiki tatu" si kipimo. Wiki tatu za kupeleka watoto shule na wiki tatu za kwenda na kurudi Mombasa ni vitu viwili. Pima hivi: endesha mpaka injini ipate moto sawasawa, simamisha mahali tambarare, zima, ngoja dakika 10 oili yote ishuke kwenye sampu (karai la oili chini ya injini). Jaza mpaka alama ya juu ya dipstiki (kijiti cha kupimia oili), isizidi hapo. Andika kilomita. Ukimaliza kilomita 1,000 rudi mahali pale pale, fanya vile vile, kisha ongeza oili kwa chombo chenye alama za mililita mpaka ifike ilipokuwa. Ulichomimina ndicho gari lilichokula.

Volkswagen inakubali mpaka lita 0.5 kwa kilomita 1,000. Vitabu vya Toyota vinaandika mpaka lita 1. Kwa maoni yetu viwango hivyo vinamkinga mtengenezaji dhidi ya madai ya garantii kuliko vinavyoeleza afya ya injini. Injini ya turbo iliyo nzima, yenye oili sahihi, inatakiwa kula mililita 100 hadi 200 au chini ya hapo. Ikifika 300 anza kutafuta chanzo. Ikipita 500 usingoje sevisi.

Kutoona moshi kusikudanganye. Nusu lita kwa kilomita 1,000 ni nusu mililita kwa kila kilomita moja, yaani matone kumi hivi. Matone kumi yakisambaa kwenye moshi wa kilomita nzima, na masega ya ekzosi (katalisti, yanayosafisha moshi) yakiwa ya moto, huyaoni kwenye kioo cha nyuma.

Sasa injini yako. Angalia herufi za utambulisho wake kwenye stika iliyoko kwenye buti au kitabu cha sevisi. Zikiwa CDA au CDH (kwa 1.8), au CDN au CCZ (kwa 2.0), hiyo ni EA888 ya kizazi cha pili, na ugonjwa wake unajulikana. Ringi za oili (pete za chuma zinazozunguka pistoni) zilifanywa nyembamba na zenye mkandamizo mdogo ili kupunguza msuguano, na vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa inaganda kuwa kaboni, vitundu vinaziba, ringi inakwama kwenye mfereji wake. Kuanzia hapo ringi haikwangui oili kwenye ukuta wa silinda, inapita juu yake tu, na inayobaki inaungua.

Lakini kabla ya kufungua injini kuna kitu cha bei nafuu zaidi: valvu ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini, ile boksi nyeusi ya plastiki iliyofungwa juu ya injini. Ndani yake kuna utando mwembamba wa mpira, nao huchanika. Washa gari, liache kwenye sailensi (lingurume bila kukanyaga mafuta), jaribu kufungua kifuniko cha kumiminia oili. Kikiwa kimevutwa kwa nguvu mpaka kinagoma kunyanyuka, au ukisikia mluzi unaokoma ukichomoa dipstiki, utando umechanika. Injini inavuta mvuke wa oili kupita kiasi, na mvuto huo huo unaweza kuharibu sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini).

Kama haivuti hivyo, visha mdomo wa kumiminia oili glavu ya mpira ya daktari. Glavu ikinywea kidogo, sawa. Ikijaa upepo na kusimama kama mkono unaoomba lifti, gesi za mwako zinapita kwenye ringi na kuingia kwenye sampu, au njia ya pumzi imeziba. Hapo mwambie fundi afungue plagi zote nne na azipange kwa mfuatano. Plagi moja yenye oili mbichi au ganda jeupe la majivu inakuonyesha silinda yenye shida. Zote nne zikifanana, ugonjwa ni wa injini nzima.

Ringi zikiwa ndizo chanzo, dawa ya kudumu ni pistoni na ringi za muundo ulioboreshwa. Hapa watu wengi wamepoteza pesa: pini za pistoni za injini hizi ziko za milimita 21 na za milimita 23, na pistoni ya moja haiingii kwenye koneki (mkono wa chuma unaoshika pistoni) ya nyingine. Pima pini yako kabla ya kuagiza. Kuna wanaomimina dawa ya kuyeyusha kaboni kupitia tundu la plagi na kuilaza usiku kucha. Kwa ringi iliyokwama tu, bila kulika, inasaidia wakati mwingine, na tungeijaribu kabla ya ovaholi. Ila asubuhi zungusha injini kwa starta plagi zikiwa nje kabisa, dawa iliyobaki iruke. Ukifunga plagi juu ya kimiminika, koneki inapinda. Oili na filta vibadilishwe hapo hapo.

Kuhusu 20W-50: hapana. Itapunguza ulaji kidogo na kukupa usingizi, lakini asubuhi inachelewa kufika kwenye turbo, na kikaza cheni cha injini hiyo kinafanya kazi kwa presha ya oili. Weka 5W-40 iliyoandikwa VW 502 00, lita 4.6 pamoja na filta, na ubadilishe kila kilomita 7,500. Na usingoje taa. Kati ya alama ya chini na ya juu ya dipstiki kuna karibu lita nzima, kwa hiyo taa inapowaka umeshaendesha siku nyingi na oili pungufu.

Turbo ya pili imekufa ndani ya wiki mbili

*Shikamooni. Forester XT yangu, injini EJ20, turbo ilianza kulia na kutoa moshi wa buluu. Nimenunua nyingine, fundi amefunga, wiki mbili baadaye ni kilio kile kile. Fundi anasema nimeuziwa turbo mbovu. Muuzaji anasema fundi hajui kazi.* – Msomaji, Moshi

Marahaba. Wote wawili huenda wamekosea, na turbo ya tatu itakufa vile vile usipojua iliyoiua ya kwanza.

Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haigusani na beringi yake. Inaelea juu ya utando wa oili. Oili ikikatika kwa sekunde chache tu, chuma kinakula chuma. Kwenye EJ20 oili hiyo inatoka kwenye kichwa cha injini cha upande wa kulia kupitia bolti yenye tundu katikati, na ndani ya bolti hiyo kuna chujio la wavu lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mafundi wengi hawajui kama lipo. Sevisi zikicheleweshwa, uchafu unaliziba, na turbo inakosa oili huku presha ya injini nzima ikionekana sawa na taa haiwaki. Ifungueni hiyo bolti. Chujio likiwa jeusi, mmempata muuaji. Weka bolti mpya, na paipu yake ya oili ibadilishwe badala ya kupulizwa kwa upepo.

Mshukiwa wa pili ni paipu ya kurudishia. Turbo haina sili ya mpira kama watu wanavyodhani. Ina ringi ndogo za chuma, na kinachoizuia oili hasa ni presha ya hewa na gesi upande wa pili, pamoja na kwamba oili inaanguka yenyewe kurudi kwenye sampu. Haisukumwi na pampu, inaanguka tu kama maji ya mvua kwenye mfereji. Paipu hiyo ikipinda, ikibanwa, ikiziba masizi, au presha ikijaa ndani ya sampu kwa sababu njia ya pumzi imeziba, oili inajaa kwenye turbo na kutafuta upenyo: ama upande wa hewa, ikaingia intakula (rejeta ya kupozea hewa inayotoka kwenye turbo), ama upande wa ekzosi, ukaona moshi. Turbo nzima kabisa inaweza kutoa moshi kwa njia hii. Muulize pia fundi kama alipaka silikoni kwenye gasketi za paipu za oili. Silikoni inayominywa ndani inakatika vipande na kwenda kuziba.

Mkifunga nyingine: oili mpya na filta mpya kwanza, kwa sababu turbo ya zamani imeacha unga wa chuma humo. Intakula ioshwe, ikaushwe. Miminia oili safi kwenye tundu la turbo huku ukizungusha shafti kwa kidole. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga starta kwa vipindi vya sekunde 10 mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe fyuzi na kuwasha. Iache kwenye sailensi dakika 5 bila kukanyaga. Kilomita 500 baadaye, badilisha oili na filta tena.

Na kama moshi utaendelea baada ya yote hayo, pimeni injini. Pistoni za turbo za Subaru, hasa za injini ya EJ255, zinajulikana kwa kupasuka kwenye kuta za mifereji ya ringi, mara nyingi silinda ya 4. Fundi akitaka kufanya ule mtihani wa kumiminia kijiko cha oili kwenye silinda ili kuona kama kompresheni itapanda, mkumbushe kwamba silinda za Subaru zimelala. Oili inatulia upande wa chini, upande wa juu wa ringi unabaki mkavu, na jibu linaweza kuwapotosha. Afadhali kusukuma upepo ndani ya silinda na kusikiliza unakotokea. Ukisikika kwenye mdomo wa oili ni ringi au pistoni, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya kichwa.

Prado iligoma kuzimika

*Mafundi, Prado yangu ya dizeli (injini ya 1KD, gia za mkono) ilikuwa inapungua oili. Juzi ikapandisha mzunguko yenyewe, nikazima swichi, ikaendelea kunguruma na moshi kutanda barabara nzima mpaka ikazima yenyewe. Nini hiki?* – Msomaji, Iringa

Pole sana. Injini iliacha kuchoma dizeli ikawa inachoma oili yake yenyewe, iliyopita kwenye turbo na kuingia kwenye njia ya hewa. Swichi inakata dizeli. Oili haiwezi kuikata. Ikitokea tena, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ghafla ili injini inyongwe. Kwa mwenye gari la otomatiki njia hiyo haipo; kilichobaki ni kuinyima hewa, kwa ubao mnene kwenye mdomo wa hewa au kizimamoto cha kaboni dioksidi kupulizwa humo ndani. Kamwe usitumie mkono wala kitambaa, vitavutwa. Ukishindwa, ondoka mbele ya gari. Injini inaweza kupasuka na kurusha vyuma.

Kwa sasa usiiwashe. Chanzo cha kwanza cha kutazama kwenye 1KD ni washa (pete bapa) za shaba chini ya nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli. Zikivuja, moto wa mwako unapenya mpaka chini ya kava ya juu ya injini na kuipika oili ikawa kaboni nyeusi kama makoko ya sufuria. Makoko yale yanashuka kwenye sampu na kuziba chujio la kufyonzea oili. Turbo inakauka, inakufa, na ikichelewa kugundulika beringi za krenki zinafuata. Fungueni sampu, mtazame lile chujio kwa tochi. Nusu yake ikiwa imezibwa, nozeli zitolewe, mahali zinapokaa pasafishwe na washa zote nne ziwe mpya. Hazitumiki mara mbili, hata zikionekana nzuri. Intakula na mipira yake vimwagwe oili yote kabla ya kuwasha, vinginevyo mtarudia sinema ile ile na turbo mpya.

CX-5: oili haipungui, inaongezeka

*Jamani, la kwangu ni kinyume. Mazda CX-5 ya dizeli, natoka nyumbani kwenda kazini, kilomita 6. Oili imepanda juu ya alama ya F. Ni baraka?* – Msomaji, Mombasa

Si baraka, dada. Hiyo iliyoongezeka ni dizeli. Filta ya DPF (inayonasa masizi kwenye ekzosi) inapotaka kujisafisha, injini inanyunyiza dizeli ya ziada ili kupandisha joto la ekzosi. Ukizima gari katikati, nayo kilomita 6 haitoshi kumaliza, sehemu ya dizeli hiyo inateremka kwenye kuta za silinda hadi sampu. Dipstiki ya gari lako ina alama ya X juu ya F kwa kazi hii hii: oili ikifika hapo, imwagwe yote, hata kama sevisi iko mbali. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, haibebi shafti ya turbo, na ikizidi sana inaweza kuleta balaa la msomaji wa Iringa hapo juu. Dondosha tone kwenye karatasi ya chooni ulinuse. Mara moja kwa wiki chukua barabara ya Malindi kwa dakika 30 bila kusimama simama. Nunua oili ya 5W-30 yenye alama ya ACEA C3 (daraja la oili yenye majivu machache), kwa sababu majivu ya oili ya kawaida hubaki ndani ya DPF na hayaungui.

Ni lazima kuacha gari lingurume kabla ya kuzima?

*Kila mtu ananiambia dakika tano.* – Msomaji, Dodoma

Ukitoka mjini polepole, hapana, zima tu. Ukiwa umepanda Kitonga au ule mlima wa Mai Mahiu na kusimama papo hapo kununua mahindi, subiri dakika moja au mbili. Turbo ina moto mkali na oili iliyosimama ndani yake inapikwa ikawa kaboni. Bora zaidi, endesha taratibu kilomita mbili za mwisho, usisubiri chochote.

Oili kwenye mpira wa intakula

*Nimefungua mpira wa intakula kwenye Toyota C-HR ya 1.2 turbo nikakuta oili. Turbo imeanza kufa? Na oili ipi inafaa, muuzaji ana galoni imeandikwa "turbo" tu.* – Msomaji, Dar es Salaam

Utando mwembamba unaochafua kidole ni wa kawaida, kwa sababu pumzi ya injini inaingia kabla ya turbo na kubeba mvuke wa oili. Ukiinamisha mpira na oili ikamwagika, ya kujaza kikombe cha kahawa, hapo kuna jambo.

Neno "turbo" kwenye galoni halina maana yoyote. Geuza nyuma utafute API SP, daraja la ubora wa oili lililotoka mwaka 2020. Kwa injini ndogo za petroli zenye turbo na nozeli za moja kwa moja (zinazonyunyiza petroli ndani ya silinda), tone la oili linaloingia kwenye silinda linaweza kulipua mchanganyiko kabla ya plagi, kwenye mzunguko mdogo na mzigo mkubwa, na mlipuko huo huvunja pistoni. API SP imejaribiwa dhidi ya hilo. Galoni ya SL au SJ, madaraja ya zamani, hata ikiwa na picha ya gari la mashindano, haijajaribiwa.

Turbo yenyewe ipime injini ikiwa baridi. Toa mpira wa hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ukiisukuma juu na chini itacheza kidogo sana, ni sawa, nafasi ile ni ya oili. Ukiivuta na kuisukuma kwa urefu wake, usihisi kitu. Kisha isukume pembeni na uizungushe: mapanga yakikwaruza ukuta, au ukiona mng'aro mpya wa chuma kwenye ukuta huo, hiyo ndiyo turbo ya kubadilisha.